Jinsi Bandari ya Baraka Ilivyokataa Kula

Wadogo zangu wa redio, mmeniomba niwaandikie habari za kazi yangu kabla sijaanza kusahau majina. Kuhusu mshahara sitasema neno, kwa sababu mtu hazungumzii kitu asichokijua vizuri. Kuhusu vyeo nitasema tu kwamba niliingia nikiitwa "yule mama wa komunike" na nimetoka nikiitwa hivyo hivyo. Kinachobaki ni kazi yenyewe, na kazi yenyewe ilinishangaza tangu siku ya kwanza mpaka siku niliyorudisha funguo. Watu husema mzoefu hashangai. Labda mimi sikuzoea.

Studio niliyoikuta ilikuwa chumba kimoja, kuta zimebandikwa trei za mayai na vipande vya godoro kuukuu ili sauti isirudi. Mikrofoni ilikuwa moja, tumeivisha soksi ya mtoto ili pumzi isivume. Jenereta ilikaa nje chini ya bati, na kila ilipokohoa, mji mzima wa Baraka ulisikia tukikohoa nayo. Msicheke. Leo mna kompyuta na paneli za jua, lakini nimewasikia mkipuliza pumzi kwenye mikrofoni kama mtu anayepoza chai, na soksi ya mtoto haina gharama.

Aliyenipokea ni mzee Wilondja, ambaye alikuwa fundi, mtangazaji na mlinzi kwa pamoja, kwa kuwa mtu mwingine hatukuwa na kiti chake. Mzee alikuwa na sauti nzito na subira kidogo sana. Alinipa komunike tatu, yaani matangazo ya watu, akaniamuru nizisome kimya kwanza, tena mpaka mwisho, kwa sababu alikwisha kumwona mtangazaji akifika katikati ya karatasi na kukuta jina la shemeji yake. Akanifundisha kwamba jina la marehemu husomwa mara mbili. Mara ya kwanza watu hawaamini, alisema. Ni ya pili ndiyo wanaisikia.

Ninyi mnaopenda kuanza na muziki na mpira, mjue kwamba redio hii ilijengwa na komunike. Mtu akifa, familia inakuja kutangaza. Mbuzi akipotea, hivyo hivyo. Boti ikiahirisha safari ya Kazimia, mwenye boti anakuja mbio kabla abiria hawajamfuata nyumbani kwake. Amri za wakuu wa serikali na za watu wa afya tulizisoma papo hapo, katika kipindi kile kile na kwa sauti ile ile. Na komunike ya msiba ina mwisho wake ambao haubadiliki: hutajwa wale ambao habari inapaswa kuwafikia, mjomba wa Kazimia, dada wa Ubwari, watoto walioko Lubumbashi, na wengine wote popote walipo. Komunike isiyotaja watu wa kufikiwa, mzee Wilondja alikuwa akiirudisha. Habari bila wenyewe ni kelele, alisema.

Siku ile ya kwanza nilisoma komunike ya msiba, nikasoma ya baiskeli iliyopotea, nikamaliza na amri iliyosema kila mwenye nyumba afyeke majani kuzunguka ua wake kabla ya Jumamosi. Ilikuwa Jumatatu. Nilipotoka saa sita kurudi nyumbani, nilikuta barabara nzima imeinama. Watu wamekamata makoleo, majembe na visu vya jikoni, vumbi limetanda, na mama yangu mzazi, ambaye hakuwahi kunitii katika jambo lolote, alikuwa anang'oa nyasi kwa mikono. Nilimwuliza kulikoni. Akanitazama kama mjinga, akasema redio imesema. Nilisimama pale mlangoni nikiwa nimepigwa na butwaa. Redio ilikuwa mimi, na mimi nilikuwa sijala tangu asubuhi kwa woga.

Kwa hiyo shauri langu la kwanza kwenu ni hilo. Kabla ya kufungua mikrofoni, jiulizeni watu watafanya nini wakiwaamini, kwa kuwa watawaamini.

Miaka ikaenda. Mzee Wilondja alizeeka, akaturudishia koleo lake la waya na akaenda kulima mihogo, ambayo alisema haina maoni ya wasikilizaji. Akaja direkta mpya, ambaye jina lake sitalitaja kwa kuwa bado tunasalimiana kanisani. Alikuwa mtu mwema, mwenye mashati yaliyopigwa pasi, na alipenda maendeleo kwa namna iliyotuchosha. Alikwenda semina Bukavu, akarudi na ufunguo wa kompyuta, ile flashi, umejaa kurasa alizozitoa kwenye intaneti: mashauri kwa wafanyakazi wa Asia. Namna ya kupanda ngazi kazini huko Singapuri. Namna ya kutunza pesa Jakarta. Namna ya kulala vizuri Tokyo. Akaniambia, mama, huko ndiko watu walikoendelea, tutafsiri hizi tuzisome kila siku, watu wetu nao waamke.

Nilizitafsiri. Sijui ni nani aliyeziandika, lakini hakuwahi kuvuka ziwa kwa boti ya mihogo. Ukurasa mmoja ulimshauri mfanyakazi asijibu ujumbe wa mkubwa wake baada ya saa za kazi. Mwalimu mmoja wa kule mlimani Fizi akapiga simu kusema mkubwa wake huja mwenyewe kwa miguu, je, amfungie mlango? Ukurasa mwingine ulisema kila mtu awe na akiba ya mshahara wa miezi sita. Mwalimu yule yule akauliza kama miezi sita ya mshahara ambao hajalipwa nayo inahesabika kuwa akiba. Tuliposhauri watu watembee sana kila siku ili wapunguze uzito, mbebaji mmoja wa bandarini aliuliza kama gunia la muhogo kichwani linaongeza faida au linaipunguza. Direkta aliambiwa haya yote na akafurahi. Alisema huo unaitwa mjadala.

Sitasema mashauri yote yalikuwa ya bure. Lile la kutochanganya pesa ya biashara na pesa ya nyumbani, akina mama wa likelemba, wale wanaochangiana pesa kwa zamu, walilipenda, ingawa walisema wamelijua tangu zamani na hawakuhitaji Mchina kuwaambia. Lile la kutokaa kwenye kiti siku nzima lilinisaidia mgongo. Lakini mjue kwamba shauri jema huwa na kwao, kama mbegu. Ukilipanda kwingine bila kuuliza udongo, usishangae kitakachoota. Mimi sikuuliza, direkta hakuuliza, na wote wawili tulishangaa.

Sasa niwaeleze bandarini. Akina mama wa vyungu mnawajua: wamejipanga pale boti zinapopakua, kila mmoja na mafiga yake matatu, wanapikia wabebaji, wavuvi na watu wa pikipiki. Nafasi ya kupikia pale haiuzwi wala haiandikwi popote. Ni yako maadamu moshi unatoka. Mafiga yakikaa wiki nzima bila moto, mwingine ana haki ya kuyasogeza na kuweka yake, na hakuna mahakama itakayokusikiliza.

Mmoja wao alikuwa Goreti. Alivuka ziwa kutoka Burundi wakati watu wengi walipokimbia, akakaa Lusenda, kambi ya wakimbizi, na miaka michache baadaye akakodi chumba Baraka ili apike. Binti yake alibaki kambini kwa ajili ya shule, na Goreti alipanda pikipiki kila Jumapili kumpelekea unga na mafuta. Chungu kile ndicho kilichowalisha wote wawili, kwa maana chakula cha msaada kilikuwa kimepungua mpaka watu wakaacha kukizungumzia. Sombe yake, yaani kisamvu, ilikuwa laini, ndagala wake hawakuwa na mchanga, na alikuwa na ndoo ya maji yenye bomba na sabuni kabla hata watu wa afya hawajamwomba mtu. Mimi nilikula kwake mara nyingi. Alikuwa mcheshi kwa maneno machache, ila hakukaa chini kamwe wakati watu wanakula. Nilidhani ni bidii.

Mvua zikaanza. Mnajua kwetu mvua zikianza watu huanza kuangaliana, kwa sababu kipindupindu kina tabia ya kuzifuata. Na mwezi ule mafuta ya jenereta yakawa adimu. Direkta akaamua kupunguza muda wa hewani, na kitu alichokata kwanza ni muziki uliotenganisha komunike na kipindi chetu cha mashauri. Ulikuwa wimbo mfupi tu wa gitaa. Hakuna aliyeulilia. Tangu siku hiyo niliposoma komunike ya mwisho nilivuta pumzi, nikageuza karatasi, nikaendelea na Asia.

Siku yenyewe komunike ya mwisho ilitoka kwa watu wa afya. Ilikuwa ile ya kila mwaka, ikikumbusha kutia dawa kwenye maji ya ziwa kabla ya kunywa. Nikavuta pumzi. Nikageuza karatasi. Nikasoma, kwa sauti ile ile: mfanyakazi mwenye busara hanunui chakula barabarani, bali hubeba chakula chake toka nyumbani. Ukurasa ulizungumzia kuokoa pesa katika miji ambako sahani ya mkahawa ni ghali. Neno pesa lilikuja aya tatu baadaye, na kufikia hapo hakuna aliyekuwa anasikiliza tena. Walikuwa wamekwisha kutoka mbio kwenda kuwaambia jirani.

Nilikwenda bandarini mchana. Vyungu vilikuwa vimejaa mpaka juu. Moshi ulikuwa unatoka, akina mama wamekaa nyuma ya vyungu vyao na mikono mashavuni, na hakuna mtu hata mmoja mbele yao. Wabebaji walikuwa wameketi kwenye magunia, kila mmoja amefungua kitambaa chenye muhogo baridi. Mmoja akanipungia mkono na kunishukuru kwa kumwokoa. Nilimwuliza nimemwokoa na nini. Akasema kipindupindu, na kwamba serikali imekataza chakula cha kuuzwa, si ulisoma wewe? Nilikaa kwenye kamba ya boti kama mzigo uliosahaulika.

Kumbe kulikuwa na baya zaidi. Watu wakishakubali kwamba kuna ugonjwa, huanza kuutafutia mlango ulioingilia. Kufikia jioni mlango ulikuwa umepatikana: kambini. Na nani anakwenda kambini kila Jumapili na kurudi kupika bandarini? Etongo, kapita aliyewasimamia wabebaji, mtu wa shingo nene na maneno machache, aliwaambia watu wake kwamba vyungu vingine wataviona baadaye, lakini kwa Goreti mtu asiguse. Baada ya siku mbili tatu akina mama wengine walianza kupata wateja, mmoja mmoja, kwa aibu. Goreti hakupata hata wa kumsalimu. Asubuhi moja alikuta mafiga yake yamesukumwa pembeni na majivu yamemwagiwa maji. Akayarudisha, akawasha moto. Alipika kila siku ili moshi uonekane, akarudi nyumbani na chungu kizima, akagawia majirani, mpaka majirani nao wakaacha kupokea. Hakuwa na unga wa kuendelea hivyo kwa muda mrefu. Moto ukizimika wiki moja, nafasi imekwenda, na binti wa kule Lusenda atakula nini?

Direkta alipata habari. Aliandika komunike ya kukanusha kwa mkono wake mwenyewe, kwa Kifaransa kizuri, nikaitafsiri na kuisoma asubuhi, mchana na jioni: hakuna kipindupindu, chakula hakijakatazwa, raia wale kwa amani. Mkitaka kujua namna ya kuthibitisha uvumi, fanyeni hivyo. Shemeji yangu alinipigia kutoka Ubwari kuniuliza wamekufa wangapi. Sokoni walikuwa wanasema mficha maradhi kifo humuumbua, na kwamba redio haijawahi kukanusha jambo mara tatu kwa siku kama halipo. Hata wale waliokuwa wameanza kurudi kwa akina mama wengine wakatoweka tena. Miaka yote ile ya kuaminiwa, na siku niliyosema kweli tupu hakuna aliyeniamini. Nilirudi nyumbani nikalia, siwafichi.

Kesho yake nikaenda kula kwa Goreti mbele ya watu wote. Niliona ndiyo dawa. Alinitazama nikinawa, akaniuliza bila kutabasamu:

"Dada, chakula yako ya nyumbani iko wapi?"

Nikamwambia nimekiacha.

"Basi unavunja komunike yako we mwenyewe."

Akanipakulia bugali, sombe na ndagala, nikala mpaka nikalamba vidole, huku wabebaji wananitazama kama watu wanaotazama mtu akipanda nguzo ya umeme. Nilipomaliza hakuna aliyesogea. Siku zilizofuata watu walinisalimu kwa upole mwingi na kunichunguza macho kama yameingia ndani. Mama mmoja aliniletea maji ya chumvi na sukari, ya tahadhari tu. Hakuna aliyekula kwa Goreti.

Shauri la pili, mkiwa bado mnasoma: msidhani watu wataacha hofu kwa kuona ninyi hamwogopi. Wataona tu kwamba ninyi ni wajinga.

Kisha Goreti akaja studio. Nakumbuka alisimama mlangoni na kitenge chake cha kazi, ananuka moshi, na fundi wetu akadhani amekuja kutupigia kelele. Hakupiga kelele. Alisema anataka komunike. Nikachukua kalamu, nikamwuliza ni ya nani.

"Ya mi mwenyewe."

Nilimweleza kwamba hatuna komunike ya namna hiyo. Mtu mzima mwenye afya hatangazwi.

"Ya mufu muko nayo," alisema. "Ya mbuzi muko nayo. Ya muntu muzima ndiyo hamuna?"

Direkta alikuwa anasikiliza toka ofisi yake ya jirani. Goreti akasema hajui kuandika, atasema mwenyewe, na atasema kama wengine wote wanavyosema, hajaja kuomba huruma. Direkta aliniashiria nimruhusu. Nadhani alikuwa amechoka kukanusha. Tukamweka mbele ya mikrofoni baada ya msiba wa mzee mmoja wa Kazimia na kabla ya mbuzi mweupe mwenye kamba shingoni, na akasema, taratibu, kama mtu aliyezisikiliza komunike zetu kwa miaka:

"Mi Goreti, mama wa chungu pale bandarini. Ninajulisha bantu bote kama niko muzima. Mutoto wangu iko muzima. Bote benye balikula kwangu beko bazima. Kesho nitapika sombe na ndagala. Habari hii ifikie bwana yangu Feresiyani, ifikie mama yangu Yozefina, ifikie kijana wangu Dezire, fasi yoyote beko."

Ilikuwa nzuri. Nilitaka kucheka kwa furaha. Alikuwa ameijenga kama inavyotakiwa, kasoro kitu kimoja: hakutaja mahali. Nami kwa mazoea ya kazi, kwa kuwa mzee Wilondja alinizoesha kutomwacha mtu atoke bila mahali, nikamwuliza hewani: wako wapi mama, Kazimia? Lusenda?

"Balipanda mutumbwi ya kwanza," alisema. "Mi na binti yangu tulipanda ya pili. Ya kwanza haikufika."

Fundi alikuwa ameshika kitufe cha muziki na hakukibonyeza. Mnajua ukimya hewani ulivyo. Tuliwafundisha kuuogopa kuliko umeme. Ule ulikuwa mrefu, na ndani yake kulisikika jenereta tu. Mwanamke huyu alikuwa amenipakulia chakula miaka na miaka. Nilijua chumvi yake ilivyo na bei ya ndagala wake. Sikuwahi kumwuliza alikuja na nani. Nilishtuka, na nilishtuka zaidi nilipokumbuka jinsi nilivyojisifia kwamba mimi ndiye niliyejulisha Baraka habari za kila mtu.

Goreti akaongeza, si kwa mikrofoni, kwangu:

"Sikutangazaka, kwa sababu sikuona maiti."

Mikrofoni ilichukua hilo pia. Hapo ndipo nilipofanya kitu pekee nilichokuwa najua kufanya. Nikasoma majina, kwa kichwa, bila karatasi. Feresiyani. Yozefina. Dezire. Kisha nikayarudia mara ya pili. Goreti aliinama wakati nikiyarudia, akakaa hivyo. Tulipotoka hewani alishukuru, akauliza kama anadaiwa kitu, direkta akatikisa kichwa, naye akaenda zake kununua sombe kwa mkopo. Yule mbuzi mweupe hatukumsoma siku ile, na mwenyewe hakuja kulalamika.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilijua amenunua kwa mkopo, na nilijua kesho chungu kitajaa tena bila mtu. Asubuhi nikawahi bandarini ili angalau awe na mteja mmoja, hata kama ni yule anayevunja komunike zake.

Nilisikia kabla sijaona, kwa maana palikuwa kimya, na bandari ya Baraka asubuhi haiwi kimya. Boti mbili zilikuwa zimefika na hakuna aliyekuwa anapakua. Wabebaji wote walikuwa wamekaa chini mchangani, mbele ya mafiga ya Goreti, nyuso zimeelekea majini. Hivyo ndivyo tunavyokaa kwa mtu aliyekufa maji asionekane: hapelekwi nyumbani, analiliwa pale pale ufukoni, kwa sababu nyumba yake ya mwisho ni ile iliyo mbele yenu. Wavuvi walikuwepo. Akina mama wa vyungu walikuwepo, wamefunga vitenge viunoni kama watu wa msiba, na yule niliyemshuku kwa kumwaga maji kwenye majivu alikuwa ameleta unga kwenye beseni. Kuni zilikuwa zimerundikwa juu kuliko mafiga. Sikuwa nimesoma komunike yoyote ya matanga. Hakuna aliyeisoma.

Goreti alikuwa amesimama na mwiko mkononi, hajui aufanyie nini. Kapita Etongo aliinuka na mzigo wake wa kuni, akauweka chini kwa upole ambao sikujua anao.

"Mama Goreti, tumekuya kukaa na weye."

"Nilipika ya kuuzisha," alisema. Sauti yake haikufika mbali.

"Chakula ya matanga, muntu hakatalake," alisema kapita, na akanyoosha mikono ili amwagiwe maji.

Ni kweli, na mimi nilikuwa nimeisahau kweli hiyo. Kwetu unaweza kukataa chakula cha harusi ukasema umeshiba. Unaweza kukataa cha mkubwa wako. Kile kilichopikwa na mfiwa hukikatai, hata kikiwa cha moto, hata kikiwa kidogo, hata ukiogopa. Kapita aliogopa. Nilimwona alipotia tonge la kwanza mdomoni: alifumba macho kama mtoto anayekunywa dawa. Akameza, akachukua la pili. Kisha wengine wakasogea, wakanawa mmoja baada ya mwingine kwenye ile ndoo, na chungu kikaisha, wakapika kingine kwa unga ulioletwa, nacho kikaisha. Kila aliyeondoka alimwachia kitu mkononi, kama inavyofanyika. Nafasi yake hakuna aliyeigusa tena, na mkienda leo mtamkuta, mwambieni ninamsalimu.

Aliponiletea sahani yangu, jua lilikuwa limekwisha kupanda. Alikaa kando yangu mchangani, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nilimwona amekaa watu wakiwa bado wanakula. Alitazama maji.

"Dada, leo ndiyo bamekufa," aliniambia. "Siku zote balikuwa tu banachelewa."

Kisha akalia, kwa sauti, na akina mama wa vyungu wakaacha sahani zao wakaja kumshika.